Skuta Isiyowaka: Umeme Upimwe Kabla Kifaa Hakijanunuliwa

Skuta inapogoma kuwaka, mwenye nayo huwa na haraka. Ana mzigo wa kufikisha au kazi ya kuwahi, na haraka hiyo humfanya akubali neno la kwanza analoambiwa: betri imekufa, au CDI imeungua. Analipa, kifaa kinafungwa, na skuta ikikataa tena anatakiwa kununua kifaa cha pili. Maduka mengi ya vipuri hayapokei kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa, kwa hiyo gharama ya kubahatisha humwangukia mlaji peke yake. Sehemu kubwa ya uchunguzi unaoelezwa hapa haihitaji chombo chochote.

Neno "haiwaki" hubeba hali mbili tofauti. Katika hali ya kwanza, kitufe cha stata kinabonyezwa na injini haizunguki kabisa. Katika ya pili, injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Hali hizi hutokana na njia mbili tofauti za umeme, na kifaa kinachotibu moja aghalabu hakitibu nyingine. CDI kazi yake ni kutoa cheche, haizungushi stata. Fundi anayependekeza CDI mpya ilhali stata imenyamaza anapaswa kuombwa aeleze sababu yake.

Stata ikinyamaza

Skuta nyingi zisizo na gia za kubadilisha kwa mguu zimeundwa ili stata isifanye kazi mpaka mkono wa breki ubanwe. Ndani ya kila mkono wa breki mna swichi ndogo, na swichi hiyohiyo ndiyo huwasha taa ya breki. Hapo pana kipimo cha bure: bana breki ya kushoto, kisha ya kulia, huku mtu mwingine akitazama taa ya nyuma. Ikiwa taa inawaka kwa mkono mmoja tu, tumia mkono huo kuwashia, na swichi ya pili ibadilishwe. Ni kifaa cha bei ndogo. Baadhi ya skuta zina pia swichi ya stendi ya pembeni, inayokata umeme stendi ikiwa imeshushwa, na kitufe chekundu cha kuzima injini kwenye usukani. Si aibu kuanza na kitufe hicho. Hata mafundi wazoefu huanza nacho.

Baada ya hapo, piga honi. Honi ikiwa hafifu, taa zikififia stata inapobonyezwa, au ukasikia mlio wa "ta-ta-ta" bila injini kuzunguka, shuku betri au viungo vyake. Tazama vichwa vya betri: uchafu mweupe au wa kijani na skrubu iliyolegea vyaweza kuifanya betri nzima ionekane mbovu. Unapoifungua, anza na waya wa hasi. Unapoirudisha, waya huo uwe wa mwisho.

Mwenye mita ya kupimia umeme atapata jibu la hakika zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6 au zaidi. Ikisoma 12 au chini yake, imekaribia kwisha. Ikishuka chini ya volti 10 wakati stata inabonyezwa, huenda haiwezi tena kubeba mzigo. Hata hivyo kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote ni kile ambacho wauzaji wachache hukifanya, yaani kupima betri injini ikiwa imewaka na kuongezwa moto kidogo. Hapo mita inapaswa kusoma takribani volti 13.5 hadi 14.5. Isipopanda, kasoro ipo kwenye koili ya kuchaji, rektifaya au nyaya zake, na betri mpya itakufa kama ile ya kwanza. Mlaji anayenunua betri ya pili ndani ya miezi michache adai kipimo hiki kabla ya kulipa.

Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ileile ya ampea. Kipande cha waya au karatasi ya sigara si mbadala. Fyuzi hukatika kwa sababu mahali fulani umeme unapita kupita kiasi. Ikiondolewa kinga hiyo, kitakachoungua ni nyaya zenyewe, chini ya plastiki na si mbali na tangi la petroli.

Injini ikizunguka bila kushika

Hakikisha kwanza petroli ipo. Kisha plagi ifunguliwe, irudishwe kwenye kofia yake, na chuma chake kigusishwe kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la plagi na palipomwagika petroli. Isishikwe kwa mkono mtupu. Injini ikizungushwa, cheche kali ya bluu huonyesha kwamba umeme wa kuwashia upo, na uchunguzi uhamie kwenye mafuta. Cheche isipoonekana, au ikiwa ya njano na dhaifu, anza na cha bei nafuu: plagi, kisha kofia yake, kisha koili.

Kabla ya kuilaumu CDI, ukaguliwe waya wa kuzimia. Katika skuta nyingi za kabureta zenye injini ya aina ya GY6, ufunguo huzima injini kwa kuupeleka waya huo, ambao mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, kwenye bodi. Swichi ya ufunguo iliyochakaa, au waya uliochubuka na kugusa fremu, huua cheche ingawa CDI ni nzima. Fundi huuchomoa kwa muda na kupima tena. Cheche ikirudi, CDI haina kosa. Nyingi za skuta hizo hutoa cheche kwa koili ya injini yenyewe, hivyo zaweza kuwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Zile za mfumo wa kupulizia mafuta kwa kompyuta kwa kawaida huitegemea betri kwa pampu yake.

Kwa fundi na dukani

Omba uonyeshwe kipimo, na urudishiwe kifaa kilichotolewa. Risiti itaje jina la kifaa, tarehe na bei, na masharti ya dhamana yaandikwe. Anayeuziwa kifaa kibovu au bandia akihifadhi pamoja na kisanduku chake, kwa kuwa bila vitu hivyo lalamiko huwa gumu kuthibitishwa. Kwa Tanzania Bara, malalamiko ya namna hiyo hupokewa na Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.