Sabufa na Spika Ndefu: Besi Inapopotea Chumbani

Spika ndefu za kusimama sakafuni mara nyingi hudhaniwa kuwa hazihitaji sabufa, kwa kuwa nyingi hushuka zenyewe hadi karibu Hz 40. Kina hicho kinalitosha gitaa la besi la nyuzi nne, ambalo uzi wake mnene hutoa Hz 41. Hakiitoshi piano, yenye noti ya chini kabisa ya Hz 27.5, wala ngurumo za filamu. Hata hivyo faida kubwa ya sabufa si kina. Ni kwamba inahamishika. Spika ndefu hulazimika kukaa pale panapoifanya sauti ya mwimbaji isikike katikati yao, na mahali hapo ni nadra pawe pazuri kwa besi.

Kazi kati ya spika na sabufa hugawanywa na krosova, kwa kawaida kwenye Hz 80, kipimo kilichoenezwa na THX katika mifumo ya sinema ya nyumbani. Wimbi la Hz 80 lina urefu wa mita 4.3, kubwa mno kuliko kichwa cha mtu, kwa hiyo masikio mawili hupokea karibu kitu kilekile na msikilizaji hatambui besi inatokea upande gani. Machujio ya krosova yanayotumika sana ni ya Linkwitz-Riley, yaliyotokana na kazi ya wahandisi wa Hewlett-Packard iliyochapishwa na Siegfried Linkwitz mwaka 1976: kila upande hupungua desibeli 6 kwenye mpaka, na pande zote mbili zikijumlishwa hakuna kinachopungua wala kuzidi. Kwenye risiva, spika ndefu huandikishwa kuwa “ndogo”, jambo linalowauma waliozinunua kwa bei kubwa. Bila hivyo besi haiondoki kwao kwenda kwa sabufa.

Baada ya hapo kinachotawala ni chumba. Katika chumba chenye urefu wa mita 5, sauti, inayokwenda mita 343 kwa sekunde, hutumia kama sehemu moja ya 34 ya sekunde kwenda ukutani na kurudi. Noti ya Hz 34 kwa hiyo hutoa msukumo mpya kila ule wa zamani unaporejea, na misukumo hulimbikizana. Mambo huwa kama katika beseni refu la mstatili lenye maji linalotikiswa kwa mdundo wake. Maji hupanda upande huu yakishuka upande ule, kisha hubadilishana, lakini katikati kimo chake hakibadiliki; hapo maji hupita tu, kwenda na kurudi. Kimo cha maji ndicho shinikizo la hewa, na sikio husikia shinikizo. Anayekaa karibu na ukuta wa nyuma hugongwa na Hz 34, na anayekaa katikati kabisa ya chumba haisikii, hata sabufa iwe na nguvu kiasi gani. Anayemimina na kufyonza maji kwenye ncha ya beseni huliamsha wimbi hilo kwa urahisi, lakini akifanya hivyo katikati, haliamki kabisa. Na watu wawili wakimimina kwa pamoja, mmoja kila ncha, wimbi hushindwa kusimama, kwa sababu kila mmoja huongeza maji pale mwenzake anapotaka yapungue.

Kwa njia hiyo hueleweka kwa nini Todd Welti wa kampuni ya Harman, katika utafiti wa mwaka 2002, aliona kuwa sabufa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana husawazisha besi kwa viti vingi. Chumba kina urefu, upana na kimo, na kila kimoja huwa na mawimbi yake. Kuta za matofali ya saruji, zilizo za kawaida Afrika Mashariki, huyakoleza zaidi, kwani hurudisha karibu besi yote. Kuta nyepesi za mbao na jasi humeza sehemu yake.

Mwenye sabufa moja huiweka kwanza kwenye kiti cha msikilizaji, hucheza wimbo wenye besi inayotembea, kisha hutambaa kando ya kuta, sikio likiwa karibu na sakafu. Panaposikika kila noti kwa kiasi kimoja, wala si pale penye mshindo mkubwa zaidi, ndipo sabufa inapohamishiwa. Njia hii hufanya kazi kwa sababu msikilizaji na chanzo wakibadilishana nafasi, kinachosikika hakibadiliki.

Hubaki fezi, yaani kama mawimbi ya sabufa na ya spika hupanda na kushuka pamoja. Sabufa ikiwa mbali na msikilizaji kuliko spika kwa mita 2.15, yaani nusu ya wimbi la Hz 80, sauti zao hufika zikipingana na kufutana palepale kwenye mpaka. Fundi hugeuza swichi ya fezi iwe kinyume, hucheza toni ya Hz 80, kisha hurekebisha ucheleweshaji hadi toni ififie kabisa. Hapo hurudisha swichi, na toni huja kwa nguvu zake zote. Kuwinda ukimya ni rahisi kuliko kuwinda kilele, kwa kuwa kilele ni kipana na sikio hukosa pa kukishikia.

Ikwalaiza huja mwisho, nayo ni ya kupunguza vilima vilivyobaki. Shimo halijazwi nayo, kwani kila nguvu inayoongezwa hufutwa na wimbi lilelile linalolichimba, na kinachochoka ni amplifaya.