Swala Haishindani na Methadoni

Katika nyumba nyingi za upataji nafuu Zanzibar siku huanza na swala ya alfajiri, kisha usafi, kisha kikao ambapo kila mmoja hujitaja jina na kukiri uraibu wake. Hatua 12 za kuacha uraibu zinazofuatwa humo zilianzia Marekani kwa walevi wa pombe, katika Alcoholics Anonymous iliyoasisiwa mwaka 1935 na watu waliopitia vuguvugu la Kikristo. Kwa Waislamu zimekaa bila taabu, kwa sababu humwachia kila mtu amwelewe Mungu kwa imani yake. Wapo wanaobeza tiba ya namna hii, na wanakosea. Mapitio ya tafiti 27 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2020 yalionyesha kuwa programu za hatua hizo zenye utaratibu maalumu huwasaidia walevi kudumu bila pombe zaidi kuliko tiba nyingine za kisaikolojia. Hata kwa akili ya kawaida inaeleweka: teja ambaye kutwa alihangaikia kete ya kuondoa arosto anahitaji ratiba mpya na watu wapya wa kumngoja, na msikiti unampa vyote mara tano kwa siku.

Lakini ushahidi huo ni wa pombe. Heroini ina hatari yake. Mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga hupoteza ustahimilivu, na kiasi alichokizoea mtumiaji zamani sasa chaweza kumkata pumzi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa kuachishwa; watatu waliokufa kwa kuzidisha dozi ndani ya miezi minne wote walikuwa wamemaliza matibabu na kupoteza ustahimilivu. Idadi ni ndogo, ila sababu yake inajulikana. Siku ya kuogopwa, basi, ni ile anayorudi mtaani mwenye afya, nyumbani wamempikia pilau.

Ndiyo maana nyumba inayomfungia mlango anayetumia methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini na kuulinda ustahimilivu wa mwili, inakosea. Watasema ni kubadilisha kilevi kwa kilevi, na dini imeharamisha vyote. Hata hivyo methadoni hupimwa, hunywewa mbele ya mhudumu, na dozi moja humtuliza mtu kutwa nzima bila kumlewesha. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Hospitali ya Muhimbili inaitoa tangu 2011. Fiqhi nayo inaijua dharura inayoruhusu kilichokatazwa. Kabla hujamkabidhi ndugu yako, uliza: mnakubali methadoni, na siku ya kutoka mtamkabidhi kwa nani?