Mvua Ilitufungia Mkunazini

Kama umewahi kuchanga fedha ya matembezi kidogo kidogo tangu Septemba, utaelewa tulivyojisikia Jumamosi ile ya Aprili boti ilipotushusha Malindi, Unguja, tukakuta mvua imetangulia kutupokea.

Tulikuwa akina mama wa vikundi viwili vya kanisa, cha kwetu Kibaha na cha wenzetu wa Kisarawe. Fedha ilitokana na maandazi, mayai na mihogo. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuvuka bahari. Mpango ulikuwa kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona wale kobe wakubwa, kununua viungo Darajani, kisha kurudi na boti ya alasiri. Mwenye boti ndogo alitazama mawimbi, akatutazama na sisi, akasema, "Mama zangu, leo sitoki."

Hapo maneno yakaanza. Wenzetu wa Kisarawe walikuwa wameshauri tungoje Juni, masika yaishe. Sisi ndio tuliong'ang'ania Aprili kwa sababu ya likizo ya watoto. Tukiwa tumebanana kwenye baraza ya duka, kanga zinachuruzika maji, mama mmoja wa Kisarawe alisema wazi kwamba safari ijayo kila kikundi kiende kivyake. Mweka hazina akaanza kuulizwa fedha ya Changuu itagawanywaje.

Mama Mchungaji hakujibu neno. Alituongoza hadi Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, na nadhani alichotafuta hasa ni paa.

Palikuwa soko la watumwa. Lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, amezikwa humo. Kijana aliyetutembeza alituonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, ambazo inasemekana mafundi walizikosea askofu akiwa safarini. Tulicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nje hatukucheka. Katika shimo wamesimama watu watano wa mawe, minyororo shingoni, na maji ya mvua yakiwatiririka usoni. Aliyewachonga ni mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Sisi wa Kibaha majina ya huko si mageni: Shirika la Elimu lilianzishwa 1963 na Norway, Sweden, Denmark na Finland, tukakabidhiwa 1970. Lakini mbele ya shimo lile hatukuwa na la kusema. Mama aliyekuwa na mtoto mgongoni alimhamishia kifuani.

Ndipo kijana akauliza tunatoka wapi. Aliposikia Kisarawe alitabasamu. Wamisionari walikuwa na shule Kiungani, hapohapo Unguja, ya wavulana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kiungani ikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea, na miaka ya 1920 chuo kikahamishiwa bara, Minaki.

"Minaki ipi?" akauliza yule mama wa Kisarawe aliyetaka tutengane.

"Minaki yenu, mama."

Kijana wake mkubwa amesoma pale. Kila siku ya kufungua shule alimsindikiza na sanduku lake hadi getini, akifikiri ni shule ya serikali tu kama nyingine. Alirudi peke yake hadi kwenye shimo, akasimama mvuani bila mwavuli. Mmoja wetu alimfuata akamfunika kanga, wakakaa huko muda mrefu.

Viungo hatukununua. Botini bahari ilitutesa, na walioshika mifuko ya kutapikia walishikiliwa na waliokuwa wazima, bila kuulizana kikundi. Fedha ya Changuu haikugawanywa. Juni sisi wa Kibaha tutakwenda Kisarawe, na yeye ndiye mwenyeji wetu wa kutupeleka Minaki. Ametuagiza tulete chumvi na mafuta. Mihogo, anasema, ipo.