Mauzo si faida: Mzazi wa mpakani na karo ya chuo kikuu

Chukua mfano wa mama wa Nairobi anayenunua vitunguu vya Mang'ola, akavivusha Namanga na kuviuza kwa jumla. Mwezi ukiwa mzuri, shilingi 400,000 za Kenya hupita mkononi mwake. Akishamlipa mkulima, gari, wapakiaji na ushuru wa soko, na akishatupa vilivyooza njiani, hubaki na kama 40,000. Hizo ndizo za kodi ya nyumba na chakula. Mwaka huu mwanawe ameitwa chuo kikuu cha umma, na hizo hizo ndizo za karo, au ada kama wanavyosema ng'ambo ya pili ya mpaka.

Fomu ya kuomba ufadhili inamwuliza kipato cha familia kwa mwezi. Aandike 400,000 au 40,000? Swali linaonekana dogo, lakini jibu lake ndilo litakaloamua kama mtoto atafika mwaka wa pili.

Makundi matano

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kenya aliyepata nafasi ya serikali alitozwa karo ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa mkulima au wa mkurugenzi. Ilikuwa nafuu kwa mzazi, ila fedha za serikali hazikutosha kujaza pengo, na vyuo vikazama kwenye madeni.

Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya. Gharama ya kozi hugawanywa mara tatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo wa bodi ya HELB, na mchango wa familia. Kwa viwango vya mwaka 2024, familia ziliwekwa katika makundi matano kulingana na kipato. Familia yenye chini ya shilingi 5,995 kwa mwezi ilichangia asilimia 5 ya gharama. Kundi la tatu, lenye kipato kisichozidi 70,000, lilichangia asilimia 20. Kundi la tano, la zaidi ya 120,000, lilichangia asilimia 40.

Turudi kwa mama wa vitunguu. Tuseme kozi ya mwanawe inagharimu 240,000 kwa mwaka. Akipimwa kwa faida yake, yumo kundi la tatu na atalipa 48,000. Akipimwa kwa mauzo, anatupwa kundi la tano na atalipa 96,000. Kwa kozi ya miaka minne tofauti hiyo inafika 192,000, karibu faida yake yote ya miezi mitano. Na hapo bado chumba na chakula.

Katikati pasipoonekana

Mwalimu au karani ana hati ya mshahara, kipato chake kinasomeka. Mfanyabiashara mdogo ana simu iliyojaa miamala na daftari lenye majina ya wadeni. Mwenye kupima akiona fedha nyingi zinaingia, haoni kwamba jioni ile ile zimetoka. Ndiyo maana watu wa kati huumia pande zote mbili: hawahesabiwi kuwa maskini, na fedha za kulipa kama matajiri hawana.

Malalamiko ya familia zilizosema zimewekwa kundi lisilo lao yalizidi mwaka 2024, na Rais akaunda kamati ya kuupitia mfumo huo. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kuwa unakiuka Katiba. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na mfumo ukaendelea.

Kwa majirani

Tanzania nayo hupima uhitaji kabla Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, haijatoa mkopo. Nafuu moja kubwa ilikuja 2021, serikali ilipofuta tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni kila mwaka. Hata hivyo, anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Uganda hufadhili wanafunzi wapatao 4,000 wapya kwa mwaka katika vyuo vya umma, wengine hujilipia. Mkopo wa serikali ulioanza 2014 hulipa karo, lakini haugusi chakula wala malazi. Mzazi wa Busia aliyepatiwa mkopo huo bado ana kodi ya chumba ya kutafuta kila muhula.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Shabaha yake mojawapo ni mwanafunzi kuvuka mpaka bila kupoteza sifa za masomo yake. Anayefikiria kumpeleka mtoto ng'ambo aulize kwanza, na ajibiwe kwa maandishi, kama chuo kitamtoza ada ya mwenyeji au ya mgeni.

Karatasi za mpakani

Silaha ya kwanza ya mfanyabiashara ni kutenganisha mauzo na faida kabla fomu haijafika. Fedha za biashara zikae kwenye akaunti au laini yake, za nyumbani zikae kwingine. Risiti za gari na ushuru zitunzwe. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kisitupwe baada ya kuvuka geti: kinaonyesha ukubwa halisi wa mzigo. Aliyewekwa kundi lisilo lake nchini Kenya anaruhusiwa kukata rufaa, na rufaa yenye hesabu husikika kuliko yenye malalamiko matupu.

Lakini daftari la mama haliwezi kubeba kazi ya serikali. Wanaopima familia wanapaswa kuuliza kilichobaki, si kilichopita mkononi. Vyuo navyo vingeweza kupokea karo kidogo kidogo kila mwezi, kwa sababu biashara ya mpakani huingiza fedha kila gari linaposhusha, si kwa mkupuo wa mwanzo wa muhula.

Bila hivyo mama wa vitunguu atafanya wanachofanya wengi: atachukua fedha za mzigo akalipe karo. Mtoto ataingia darasani mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakutakuwa na lori la kumlipia.