Chakula cha Mgonjwa Aliyetoka Kutibiwa Saratani

Leo tunaweka kando kidogo habari za mbolea na viwavijeshi, tuzungumze juu ya mwenzetu aliyerudi nyumbani kutoka Ocean Road, Bugando au KCMC baada ya kupigwa mionzi au kutiwa dawa za saratani. Mimi ni bwana shamba, si daktari, na maagizo ya daktari wake yanatangulia. Lakini chakula chake kinatoka shambani, na hapo nina neno.

Majuzi nilifika nyumba moja kukagua kuku. Kuku wazuri, wanataga. Mayai yote yamepangwa kwenye trei, yanangoja gari la gulio. Ndani, mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke matibabuni, ameshika kikombe cha uji mweupe, mwepesi kama maji. Pembeni yake ipo soda, imenunuliwa kwa pesa ya mayai yale yale! Nikamwambia mumewe, "Mzee wangu, trei moja leo isiende gulioni."

Sababu ni hii. Dawa na mionzi huua saratani, lakini hujeruhi pia sehemu nzima za mwili, hasa kinywa, tumbo na damu. Mwili unajijenga upya, na vifaa vyake vya ujenzi ni mayai, maziwa, dagaa, kuku, maharage na karanga. Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Wapo wanaomkataza mgonjwa nyama na mayai, ati saratani nayo itashiba. Msisikilize hayo. Mkimnyima, anayekonda ni yeye.

Sasa mtasema, "Tunampa, lakini hali." Ni kweli, na wala hadeki. Kinywa kina vidonda, harufu ya kitunguu kinachokaangwa inamchefua, nyama anaiona ina ladha ya chuma. Basi msimletee sahani iliyojaa mara tatu kwa siku. Mpeni kidogo kidogo, mara sita hata nane, na saa anayojisikia nafuu, mara nyingi asubuhi, ndipo apewe kilicho bora. Uji wa ulezi upikwe na maziwa, utiwe karanga zilizopondwa laini au yai lililokorogwa, kisha uchemke tena vizuri. Ukipoa kidogo harufu hupungua. Kama ladha ya chuma inamsumbua, atumie kijiko cha mti au cha plastiki. Kwenye vidonda, pilipili, ndimu na chakula cha moto sana viwekwe mbali. Asukutue kwa robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa.

Aliyepigwa mionzi ya nyonga, kama akina mama wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi, huenda akaharisha. Huyo apumzishwe maharage na mboga ngumu kwa muda, ale wali laini, ndizi mbivu na mayai, anywe maji kwa wingi. Kuhara kukizidi, arudi hospitali.

Tena sikilizeni hili. Damu yake ikiwa dhaifu, kijidudu kidogo kinaweza kumwangusha. Maziwa yachemshwe, yai liive mpaka kiini kigande, matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa. Akipata homa, hata usiku, asingoje kukuche, apelekwe hospitali.

Na karanga au mahindi yaliyoota ukungu yasiingie katika chungu chake, wala katika chungu cha mtu yeyote. Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha, na yenyewe huleta saratani ya ini. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Zile karanga "za kupepeta tu" ninazoonyeshwa kila mara, mimi siwezi kumpa mgonjwa wangu.

Dawa za miti shamba, kabla hajanywa, daktari aambiwe, kwani nyingine hugombana na dawa za hospitali.

Yule mama sasa anapata mayai mawili kwa siku, na mzee bado ana trei za kuuza. Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutaeleza jinsi ya kuanika karanga juu ya turubai badala ya ardhini. Kwaherini.