SOMO LA SITA: KUTAFUTA KELELE KATIKA PIKAPU YA UMEME

Wekeni kalamu na karatasi tayari, maana leo tutapiga hesabu kidogo. Nawe utakayelisoma somo hili baada ya kutangazwa, lisome polepole, na ukifika penye hesabu usimame uifanye mwenyewe.

Katika somo lililopita tuliona jinsi mota ya umeme inavyozungusha magurudumu ya motokaa. Leo twauliza jambo jingine. Pikapu ya umeme inatembea, inapakia mzigo, haina taa ya hatari iliyowaka, lakini inatoa kelele. Kelele hiyo yatoka wapi? Na mtu ataijuaje kabla hajatumia fedha zake?

Kwanza tufahamu kwa nini kelele husumbua zaidi katika motokaa za namna hii. Injini ya petroli au ya dizeli hunguruma wakati wote, na mngurumo wake hufunika sauti nyingine. Katika pikapu ya umeme injini haipo. Mfano wake ni nyumba wakati wa usiku. Mchana humsikii panya darini, kwa sababu watoto wanacheza na sufuria zinagongana. Usiku watu wakilala, wamsikia kila anapokanyaga. Panya hakuja usiku. Alikuwapo tangu mchana. Basi mtu aliyetoka katika dizeli akaingia katika umeme husikia matairi, upepo, pampu na breki kama hakuwahi kuzisikia, naye hufikiri motokaa mpya ni mbovu. Mwingine huambiwa, "Ni kawaida yake," akaacha, kumbe ipo hatari.

Sasa sikilizeni mfano. Umetungwa kwa kufundishia, lakini mambo yake ni ya kweli katika ufundi.

Katika Marekani pikapu hupendwa sana, na huko ndiko zilikotokea baadhi ya pikapu za umeme zinazojulikana zaidi. Rivian R1T ilianza kufikishwa kwa wateja mwaka 2021, na Ford F-150 Lightning mwaka 2022. Tuseme seremala mmoja, mzaliwa wa Kenya, anaishi katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya wengi wamehamia. Ana pikapu ya umeme ya kubebea mbao na vyombo vyake vya kazi. Huko wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Ilipokwisha baridi, pikapu ikaanza kusema shwi, shwi, shwi. Akaipeleka kwenye karakana. Mtu wa karakana akaiendesha kidogo, akasema, "Mota ya nyuma imekwisha. Lazima uweke nyingine." Bei ilikuwa ya kumfanya seremala auze mashine zake za kukatia mbao. Kabla hajaziuza, akaenda kwa fundi mzee, naye mtu wa kwao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kwanza shusha mbao zote na masanduku ya spana. Hatutafuti kelele ya pikapu huku tukisikiliza kelele ya mzigo."

Hilo ndilo neno la kwanza la somo letu. Toa kila kitu kilicholegea, nyuma na ndani, hata chupa iliyo chini ya kiti. Kisha usiulize, "Ni kifaa gani kimeharibika?" Uliza, "Kelele yatokea wakati gani, na wakati gani hainyamazi?" Yako maswali manne.

Swali la kwanza: Je, yasikika motokaa ikiwa imesimama? Kama ndiyo, magurudumu hayahusiki. Unapowasha pikapu ya umeme utasikia "tak!" Hizo ni swichi kubwa zinazofunga njia ya umeme wa betri. Utasikia mlio wa pampu za maji ya kupoza, na wakati wa kuchaji feni na kompresa huweza kuvuma kwa nguvu, maana betri yapozwa. Hayo kwa kawaida si ugonjwa. Iko pia sauti iliyowekwa makusudi. Kwa kuwa motokaa hizi hutembea kimya, na kipofu au mtoto aweza kugongwa asisikie, sheria zimeamuru ziwe na kipaza sauti cha kuonya watu. Katika Marekani sauti hiyo yatakiwa mpaka mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni mpaka kilomita 20, na amri hiyo ilizifikia motokaa zote mpya za umeme mwaka 2021. Basi mvumo unaosikika mwendo wa polepole, kisha ukatoweka ukiongeza mwendo, huenda ukawa ni sheria tu inayozungumza.

Swali la pili: Je, yafuata kuzunguka kwa magurudumu? Hapa chukua kalamu. Tairi la pikapu kubwa lina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo likizunguka mara moja huenda karibu mita 2 na nusu. Ukienda kilomita 36 kwa saa, waenda mita 10 kila sekunde. Gawanya 10 kwa 2 na nusu: gurudumu lazunguka mara 4 kwa sekunde. Ukienda kilomita 18, lazunguka mara 2.

Na mota? Kati ya mota na magurudumu kwa kawaida kuna gia za kupunguza mwendo. Katika pikapu za umeme mota huzunguka mara nyingi gurudumu linapozunguka mara moja. Tuseme mara 10. Basi kwa kilomita 36 mota yazunguka mara 40 kwa sekunde, na kama gia yake ndogo ina meno 25, meno yagusana mara 1,000 kwa sekunde. Sikio la mtu laweza kuhesabu mapigo 2 au 4. Mapigo 40 haliwezi kuyahesabu, lasikia mvumo. Mapigo 1,000 lasikia kama filimbi. Kwa hiyo ukiweza kuihesabu kelele kwa kinywa, shwi, shwi, shwi, usianze na mota. Anza na magurudumu.

Mzee alimwambia seremala aende kilomita 18 kwa saa katika uwanja mtupu, naye akashika saa. Katika sekunde 10 akahesabu shwi 20. Gawanya mwenyewe: ni mara 2 kwa sekunde, sawasawa na gurudumu. Tena walipopita kilomita 30 kelele haikutoweka, bali mapigo yalikaza mwendo. Kwa hiyo haikuwa sauti ya kuonya watu.

Swali la tatu: Je, yabadilika ukikanyaga au ukiachia ekseleta? Madereva bado husema "kanyaga mafuta" hata mahali pasipo na tone la mafuta. Mlio wa filimbi unaopanda ukikanyaga na kushuka ukiachia, mara nyingi ni wa mota, wa gia, au wa kifaa kinachougeuza umeme wa betri ili uendeshe mota. Mlio mwembamba kiasi ni kawaida. Ulioanza ghafula, au unaokwaruza, apelekewe fundi wa umeme. Mgongo mmoja, "tak," unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, waweza kutoka kwenye ekseli au kwenye bolti zinazoishika mota. Seremala alikanyaga, akaachia, kisha akaiacha pikapu iteleze katika nyutro. Shwi ilikuwa ile ile.

Swali la nne: Je, yabadilika kwenye kona, kwenye shimo, au kwenye breki? Beringi ya gurudumu iliyokwisha huvuma, na mvumo huongezeka ukikata kona upande mmoja, kwa sababu uzito huegemea upande wa pili. Kiungo cha ekseli kilichochakaa husema tak-tak-tak usukani ukikatwa sana. Kelele ya shimoni hutoka kwenye springi, shokomzoba, au mpira uliolika. Bamba la plastiki la chini likilegea hupigapiga kwa upepo.

Kuhusu breki, angalieni sana. Katika pikapu ya umeme ukiachia ekseleta, au katika baadhi yake ukikanyaga breki kidogo, mota yenyewe hugeuka kuwa jenereta. Huzuia mwendo na kurudisha umeme katika betri. Padi za breki huenda hazijagusa kitu. Kwa hiyo waweza kudhani umezijaribu breki, kumbe umeijaribu mota. Mzee alijua hilo. Akamwambia seremala aiweke pikapu katika nyutro, mwendo wa polepole, uwanjani, kisha akanyage breki. Katika nyutro mota haikusaidia. Padi zikafanya kazi peke yake. Papo hapo shwi, shwi ikageuka kuwa mkwaruzo mmoja mrefu. Alipoachia, shwi ikarudi.

Sasa walikuwa wamekaribia, lakini magurudumu ni manne. Wakaenda safari fupi bila kutumia breki kwa nguvu, kisha Mzee akapima joto kwa kipimajoto kisichogusa kitu. Magurudumu matatu yalilingana. La nyuma, upande wa kulia, lilikuwa na joto kuliko mengine yote. Usilipime kwa kiganja chako, maana breki iliyokwama huunguza.

Walipofungua waliona ukweli. Kalipa, yaani kishikio cha padi, huteleza juu ya pini mbili. Pini moja ilikuwa imeshikwa na kutu, kwa hiyo padi haikuweza kurudi nyuma. Na diski ilikuwa imeliwa na kutu upande mmoja. Kila upande huo ulipopita kwenye padi, ilisema shwi. Mara moja kwa kila mzunguko, kama hesabu ilivyosema. Wakaweka pini mpya na grisi yake, padi na diski. Mota haikuguswa. Seremala akabaki na mashine zake.

Kwa nini kutu? Kwa sababu ya jambo lile lile tulilolisifu. Mota inapofanya kazi ya breki, diski hukaa siku nyingi bila kusuguliwa. Chumvi na maji huifanyia kazi. Chumvi ya barabara iko kwa watu wa baridi, lakini sisi wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja tunayo ya bahari. Na pikapu hizi ni nzito: ile ya Ford niliyoitaja yapita kilo 2,700 bila mzigo. Breki iliyokwama hupata moto, na breki yenye moto mwingi huweza kukosa nguvu mteremkoni siku ile mota isipoweza kusaidia. Basi mara kwa mara, mahali pa salama, zitumie breki zenyewe kwa nguvu kidogo ili diski zisafike, na pini zisafishwe na kutiwa grisi kila mwaka penye chumvi.

Huku kwetu, Nairobi na Arusha, mafundi wamekwisha kuzitoa injini za dizeli katika motokaa za kutembezea watalii na kutia mota. Maswali manne ni yale yale, lakini hesabu yaweza kubadilika. Kama motokaa imebakiwa na giaboksi na difu zake za zamani, uliza kwanza mota yazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu.

Sasa maonyo matatu. La kwanza, nyaya zenye rangi ya machungwa usiziguse wala usizifungue. Motokaa nyingi za umeme hutumia karibu volti 400, na nyingine 800. Umeme huo unaua. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefundishwa. La pili, usiweke jeki chini ya betri. Tumia mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha motokaa. La tatu, ukisikia kugonga kunakozidi, usukani ukatetemeka, au ukanusa moto, simama kando mara moja. Nati za gurudumu zilizolegea hazingoji maswali manne.

Jambo la kushika ni hili: badilisha jambo moja tu kila unapojaribu, sikiliza, andika. Ukibadilisha mambo mawili pamoja, hutajua lipi lililojibu. Na ukienda karakana, usiseme "Mota ni mbovu." Sema, "Yapiga mara mbili kwa sekunde kwa kilomita 18. Haibadiliki kwa ekseleta. Yabadilika kwa breki." Fundi mwema atakushukuru.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Pikapu yenye tairi kama lile la somo yaenda kilomita 54 kwa saa. Gurudumu lazunguka mara ngapi kwa sekunde? Na mota, ikiwa ni 10 kwa 1?

2. Kelele yavuma ukikata kona ya kushoto, yapungua ukikata ya kulia. Utaanza kutazama nini?

3. Kwa nini Mzee aliijaribu breki katika nyutro?

Majibu tutayasoma mwanzo wa somo lijalo. Kwaherini.