Injini Ikimisi, Tuanzie Wapi?

Mafundi husema injini "inamisi" pale silinda moja au zaidi inaposhindwa kuwasha mafuta kwa wakati wake. Dereva hutambua upesi: gari hutetemeka likiwa limesimama, hupungukiwa nguvu mlimani, na sauti ya moshi hukatika-katika. Haifai kupuuza jambo hili, maana petroli isiyoungua huiosha oili katika kuta za silinda, kisha huteremka na kuiharibu oili iliyo chini, hata injini ikalika kabla ya siku zake.

Nitaeleza habari za Land Rover Series III, gari lililoundwa toka mwaka 1971 hadi 1985, kwa sababu baba yangu mdogo analo moja, lenye injini ya petroli ya lita 2.25. Huko kwetu Lushoto ndilo lipelekalo kabichi Mombo, na mgonjwa akizidiwa usiku, ndilo limpelekalo hospitali. Mwaka jana lilipoanza kumisi, fundi mmoja alimwuzia koili mpya, kisha kabureta. Fedha za mbolea zikaisha, na gari likazidi kumisi. Kosa halikuwa katika vitu vile; kosa lilikuwa kununua kabla ya kupima.

Injini ya petroli yahitaji mambo matatu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, mchanganyiko sawa wa petroli na hewa, na mgandamizo wa kutosha. Likipungua moja, silinda haiwaki. Injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika yataka cheche 100 kila sekunde. Basi msomaji asishangae kwamba ufa mdogo au unyevu kidogo waweza kuisumbua.

Swali la kwanza ni hili: ni silinda ipi? Simamisha gari mahali pa wazi, kwa kuwa moshi wake una sumu. Vuta breki ya mkono na uweke gia huru. Andika namba katika nyaya za plagi, maana silinda za injini hii huwaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Zima injini, vua waya mmoja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba iliyofungwa imara kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Washa tena, wala usiguse waya huo, kwani una umeme wa maelfu ya volti. Injini ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika hata kidogo, hiyo ndiyo mgonjwa. Fanya hivyo kwa zote nne.

Pili, fungua plagi ya silinda hiyo uitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi. Oili huonyesha ringi au valvu zimechoka. Na ikiwa imelowa petroli, huenda cheche haifiki. Nafasi ya plagi iwe kama milimita 0.8.

Tatu, badilishana. Plagi ya silinda mbovu itie katika silinda nzima. Ugonjwa ukihama, plagi ni mbovu. Ukibaki, badilisha waya kwa njia hiyo hiyo. Hivyo ndivyo tulivyofanya na baba mdogo wakati wa likizo ya Desemba: ugonjwa ulitoka silinda ya tatu ukaufuata waya. Waya mmoja tu ulikuwa umepasuka.

Ikiwa ugonjwa hauhami, pima mgandamizo. Ukiwa mdogo, tia kijiko cha oili ndani ya silinda upime tena: ukipanda, ringi zimelika, usipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu pamoja, huenda gasketi imeungua katikati yake.

Lakini ikiwa silinda zote humisi kwa zamu, tafuta kitu ambacho zote hukitegemea. Futa unyevu katika kifuniko cha distribyuta na utazame nyufa zake. Angalia platini, nafasi yake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kisha chunguza kondensa, koili, chujio la petroli, na hewa inayopenya penye gasketi ya kabureta.

Nawatahadharisha wenzangu: jaribio la kuvua nyaya lisifanywe katika magari ya siku hizi yanayoongozwa na kompyuta, maana laweza kuharibu vifaa vya umeme. Hayo hupimwa kwa mashine yake.

Katika maabara yetu hufundishwa kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kutazama matokeo. Gereji nayo yataka adabu hiyo hiyo. Mzazi mwenye gari kuukuu na amwulize fundi wake, kabla ya kutoa fedha: "Umepima silinda ipi, nawe umeona nini?"

Mwanafunzi, Kidato cha Nne